Bima ya Nyongeza kwa Wastaafu Walioko Marekani: Inunuliwe au Isinunuliwe, na Lini?



Msimu uliopita, katika siku za kuanika, mzee mmoja miongoni mwa wanachama wetu wa Pemba alifika ofisini na barua mkononi. Barua ilitoka kwa mwanawe aishiye mjini Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Alikwenda huko zamani kutafuta maisha, na sasa anakaribia kutimiza miaka 65. Aliandika kwamba kila siku analetewa makaratasi ya kumtaka anunue bima ya nyongeza ya matibabu, na kwamba yeye hataki, maana mwili wake u mzima na pesa zake ana kazi nazo. Mzee alituuliza neno moja tu: "Nimwambie nini huyu mwanangu?"

Siku ile hatukuwa na jawabu. Tumekwenda tukauliza na kusoma, na leo twaliandika jawabu hapa kwa faida ya wanachama wote, kwani mzee huyu si peke yake. Wengi wetu tuna watoto, ndugu au wajomba walioko Marekani, na pesa waziletazo ndizo zilipazo palizi, wachumaji na ada za skuli. Ugonjwa wa mtu aliye mbali huko waweza kulifikia shamba lililoko hapa. Nasi wenye mikarafuu twajua deni ni nini. Wazee wetu walilemewa na madeni hata mwaka 1934 Serikali ya wakati ule ikalazimika kutunga sheria za kuyazuia mashamba yasiwatoke wenyewe. Kwa hiyo jambo hili, ingawa ni la nchi ya mbali, si la watu wengine.

Hesabu zote tutakazozitaja ni za mwaka 2025. Hubadilika kila mwezi wa Januari, basi msomaji azichukue kuwa ni kipimo.

MEDICARE NI NINI

Kule Marekani mtu akitimiza miaka 65 huingia katika bima ya Serikali iitwayo Medicare. Rais Lyndon Johnson aliitia saini sheria yake tarehe 30 Julai 1965, na kazi ikaanza tarehe 1 Julai 1966. Bima hii ina sehemu mbili za asili. Sehemu A hulipia kulazwa hospitali. Sehemu B hulipia madaktari, vipimo, na matibabu ya kwenda na kurudi.

Aliyefanya kazi na kukatwa kodi yake kwa muda wa miaka kumi, yeye au mkewe au mumewe, hupata Sehemu A bila ya ada. Sehemu B ina ada kwa kila mtu, nayo ni dola 185 kwa mwezi kwa watu wengi. Wenye mapato makubwa hutozwa zaidi.

Hapa yafaa tuseme neno kwa wale waliowafuata watoto wao huko uzeeni. Mzee ambaye hakufanya kazi Marekani, naye ana kadi ya ukaazi wa kudumu, haingii Medicare siku anayofika. Hana budi akae nchini miaka mitano mfululizo, kisha ndipo aruhusiwe kuinunua. Tena Sehemu A kwake si ya bure. Yaweza kumgharimu hadi dola 518 kwa mwezi. Mwenye nia ya kumpeleka mzazi wake huko aijue hesabu hii kabla ya kukata tikiti.

MATUNDU YA KAPU

Watu wengi hudhani kwamba mwenye Medicare ameshamaliza. Sivyo. Medicare ni kapu zuri, lakini lina matundu, na tundu moja ni kubwa.

Katika Sehemu A, mtu akilazwa hutoa kwanza dola 1,676 mfukoni mwake. Baada ya hapo hospitali yalipwa kwa siku 60. Kuanzia siku ya 61 hadi ya 90 mgonjwa hutoa dola 419 kila siku. Akizidi hapo ana siku 60 za akiba kwa maisha yake yote, na kila moja yamgharimu dola 838. Zikisha hizo, hapana tena. Wala zile dola 1,676 hazitolewi mara moja kwa mwaka tu. Mtu akitoka hospitali, zikapita siku 60, kisha akalazwa tena, hesabu huanza upya.

Katika Sehemu B, mgonjwa hutoa dola 257 za mwanzo kwa mwaka. Baada ya hapo Medicare hulipa sehemu nne katika tano, naye hulipa sehemu moja. Hili ndilo tundu kubwa, kwa sababu sehemu hiyo moja haina kikomo.

Na tutazame mfano. Tuseme mtu ana maradhi ya saratani, anatibiwa bila ya kulazwa, na gharama iliyokubaliwa na Medicare kwa mwaka ni dola 40,000. Atatoa dola 257. Zitabaki 39,743, na sehemu yake ya tano katika hizo ni dola 7,948 na senti 60. Jumla ni dola 8,205 na senti 60 kwa mwaka mmoja. Maradhi yakidumu miaka mitatu kwa kiasi hicho hicho, zitapita dola 24,000. Mwanachama na ajiulize ni magunia mangapi ya karafuu hayo.

KAZI YA BIMA YA NYONGEZA

Bima ya nyongeza, ambayo wenyewe huiita Medigap, ni ya kuziba matundu hayo. Haiuzwi na Serikali; yauzwa na makampuni. Lakini Serikali ndiyo iliyoweka sheria zake. Tangu mwaka 1992 bima hizi zauzwa kwa herufi, na kila herufi ina mambo yake yaliyopangwa. Katika majimbo mengi Mpango G wa kampuni hii na Mpango G wa kampuni ile ni kitu kimoja katika malipo ya matibabu. Majimbo ya Massachusetts, Minnesota na Wisconsin tu ndiyo yenye mipango yao mbali. Basi mnunuzi asishughulike na maneno matamu ya muuzaji wala picha za wazee wanaocheka. Atazame herufi, kisha atazame bei.

Wanaoingia sasa wengi huchagua kati ya herufi mbili. Mpango G hulipa takriban yote yaliyobaki isipokuwa zile dola 257 za mwaka. Mpango N huwa na ada ndogo kidogo, lakini mwenye nao aweza kutakiwa mpaka dola 20 akenda kwa daktari, na mpaka dola 50 akenda chumba cha dharura bila ya kulazwa. Tena haulipi zile ziada ambazo baadhi ya madaktari huruhusiwa kutoza. Mipango C na F haiuzwi tena kwa waliostahiki Medicare tangu tarehe 1 Januari 2020; basi mtu asihangaike kuitafuta.

Bima hizi hazilipi dawa za kumeza nyumbani. Dawa zina bima yake mbali, iitwayo Sehemu D, nayo ikicheleweshwa bila ya sababu ina adhabu yake.

Ama bei, hutofautiana kwa jimbo, kwa umri na kwa kampuni. Tuchukue mfano wa dola 150 kwa mwezi, kwa ajili ya hesabu tu. Hizo ni dola 1,800 kwa mwaka. Mtu akiwa mzima miaka kumi atakuwa ametoa dola 18,000, na hakuna atakachorudishiwa. Twalisema hili wazi ili asije mtu akadhani kwamba bima ni akiba. Akiba hubaki yako, bima huliwa. Unachonunua ni kule kujua kwamba ule mwaka mbaya, ukija, hautakuwa wa dola 8,000 tena na tena bila ya mwisho.

Muulize pia muuzaji namna ada inavyopanda. Ziko namna tatu. Ya kwanza, watu wote hulipa sawa bila ya kujali umri. Ya pili, ada hufuata umri uliokuwa nao siku ya kununua. Ya tatu, ada hupanda kila unapoongeza umri. Hii ya tatu mara nyingi huwa rahisi mwanzoni na nzito mwishoni, wakati mtu hana tena nguvu ya kuibeba. Na zote tatu zaweza kupanda kwa sababu ya gharama za matibabu kupanda.

WAKATI WAKE

Sasa tumefika penye kiini cha jambo. Swali la lini ni zito kuliko swali la ipi.

Sheria ya Marekani humpa kila mtu miezi sita. Huanza mwezi ule ambao ametimiza miaka 65 na pia amekwisha kuingia Sehemu B. Katika miezi sita hiyo kampuni haina ruhusa ya kumkataa, wala kumpandishia bei kwa sababu ya maradhi. Awe na sukari, awe na moyo mbovu, awe amekwisha kupasuliwa mara tatu, atauziwa kwa bei ile ile anayouziwa mzima. Jambo moja tu laruhusiwa: ikiwa hakuwa na bima yoyote kabla, kampuni yaweza kuchelewa hadi miezi sita kabla ya kulipia maradhi aliyokuja nayo.

Miezi sita ikipita, katika majimbo mengi mlango hufungwa. Kampuni yaweza kumuuliza afya yake, na yaweza kumkataa kabisa. Ni majimbo machache tu, kama New York na Connecticut, ambayo humwachia mtu mlango wazi mwaka mzima.

Sisi tuliokulia chini ya mikarafuu hatuhitaji kuelezwa sana hapa. Karafuu ina siku zake. Ikichumwa imekomaa na kichwa bado kimefumba, ni mali. Ikiachwa ikachanua, kisha ikawa mpeta, bei yake imekwenda, na hapana mchumaji awezaye kuirudisha. Mtu asemaye, "Nitanunua bima nitakapougua," ni sawa na asemaye, "Nitachuma karafuu zikishachanua." Kampuni haimngojei mgonjwa, yamngojea mzima. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Kwa hiyo ule uzima wa mwili ambao kijana wetu wa Columbus aliutaja kuwa ni sababu ya kutonunua, hauna kazi ndani ya miezi sita, maana mzima na mgonjwa huuziwa sawa. Baada ya miezi sita ndipo uzima utakapokuwa na kazi, na hapo huenda asiwe nao.

NJIA YA PILI

Mtu ataambiwa pia kwamba iko njia nyingine, iitwayo Medicare Advantage. Katika njia hii kampuni huchukua kazi yote ya Medicare. Ada yake mara nyingi ni ndogo, na mingine haina ada zaidi ya ile ya Sehemu B. Tena ina kikomo: kwa madaktari walio katika orodha yake, mgonjwa hatoi zaidi ya dola 9,350 kwa mwaka, na mipango mingi huweka kikomo chini ya hapo. Lakini mara nyingi hufungwa kwa orodha ya madaktari na hospitali, na kwa matibabu mengi kampuni hutaka iombwe ruhusa kwanza.

Hatusemi kwamba njia hii ni mbaya. Kwa mwenye kipato kidogo yaweza kuwa ndiyo inayowezekana. Twasema tu kwamba mtu hawi na Medigap na Medicare Advantage kwa pamoja, na kwamba kutoka katika Advantage baada ya miaka mingi ili kununua Medigap huwa vigumu, kwa sababu ule mlango wa miezi sita umekwisha kufungwa. Aliyeingia Advantage mara ya kwanza alipotimiza miaka 65 ana mwaka mmoja wa kujaribu. Akitoka ndani ya mwaka huo anayo haki ya kununua Medigap. Siku hiyo aiandike ukutani.

WASIO NA HAJA NAYO

Wako watu ambao kununua Medigap ni kutupa pesa. Wa kwanza ni fukara aliyepata Medicaid, bima ya Serikali kwa wenye kipato kidogo, kwani hiyo huziba matundu mengi. Wa pili ni yule ambaye mwajiri wake wa zamani humpa bima nzuri ya ustaafu. Lakini aisome, aone kama ni ya kudumu.

Wa tatu ni mtu ambaye bado yuko kazini. Akiwa na bima ya kazi kutoka kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, aweza kuichelewesha Sehemu B bila ya adhabu mpaka aache kazi. Akiacha, ana miezi minane ya kuingia, na akiingia ndipo miezi sita ya Medigap inapoanza. Lakini bima ile ambayo mtu huendelea kuilipia mwenyewe baada ya kuacha kazi haihesabiwi kuwa bima ya kazi. Wengi wamejikwaa hapo.

WANAOTAKA KURUDI NYUMBANI

Wa nne ndiye atuhusuye zaidi, naye ni yule anayetaka kurudi kuishi Unguja au Pemba. Na ajue kwamba Medicare, ila kwa mambo machache sana, hailipi matibabu nje ya Marekani. Hospitali ya Mnazi Mmoja haitapata senti moja kutoka kwao. Mipango G na N ya nyongeza hulipa dharura ya nje, lakini kwa mipaka: safari iwe ndani ya siku 60 za mwanzo, mgonjwa atoe dola 250 kwanza, kisha bima ilipe sehemu nne katika tano, na jumla isizidi dola 50,000 kwa maisha yake yote. Hii yamfaa mtu anayekuja kuwaona wazee msimu wa karafuu na kurudi. Haimfai anayekuja kukaa.

Anayerudi moja kwa moja, na ana hakika, hana sababu ya kulipa dola 185 za Sehemu B wala ada ya nyongeza kila mwezi kwa matibabu asiyoweza kuyapata. Abaki na Sehemu A ambayo kwake ni ya bure, na pesa zile aziweke kwa matibabu ya hapa. Aulize pia masharti ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2023.

Lakini ikiwa moyo wake uko nusu huku na nusu kule, apime. Kila miezi 12 kamili anayoikosa Sehemu B humwongezea asilimia 10 katika ada yake, na nyongeza hiyo huwa nayo maisha. Akikaa hapa miaka mitatu kisha akarudi Marekani, atalipa asilimia 30 zaidi. Kwa ada ya dola 185 hizo ni dola 55 na senti 50 kila mwezi. Tena ataweza kujiandikisha baina ya Januari na Machi tu. Faida yake ni moja: kwa kuwa hajapata kuingia Sehemu B, miezi sita yake ya Medigap bado haijaguswa, na itaanza siku atakapoingia. Ama aliyeingia Sehemu B akiwa na miaka 65, kisha akaiacha ili arudi nyumbani, huyo miezi yake imekwisha kwenda, nayo hairudi. Basi anayejua kwamba atahama karibu asiingie kwa pupa.

MANENO YA MWISHO KWA MNUNUZI

Asinunue siku ya kwanza anayotembelewa. Aombe bei za makampuni matatu kwa herufi moja. Asikubali kuuziwa bima mbili za nyongeza, sheria yakataza. Akisha kununua ana siku 30 za kuirudisha na kupewa pesa zake. Na katika kila jimbo wapo washauri wa Medicare wanaosaidiwa na Serikali ambao hawauzi kitu na hawatozi kitu. Hao ndio wa kuwaendea kwanza.

Tulipomaliza kazi hii tulimwita mzee wetu, tukamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuambia aandikiwe barua ndogo kwa mwanawe. Ilikuwa na maswali mawili tu: "Utarudi au hurudi? Na mwezi gani unatimiza 65?" Alisema kwamba mengine mwanawe atayaamua mwenyewe akiwa na tarehe mbele yake.

Twaona mzee alifahamu sawasawa. Kila mwanachama mwenye mtu wake huko na amwandikie maswali hayo hayo, naye afanye hivyo mapema, kabla ya miezi sita kuanza kuhesabiwa.